Waraka Uliotumwa na Waraka Uliofika

Kifurushi cha barua za Dk. David Livingstone kiliandikwa tarehe 1 Novemba 1870 huko Zanzibar. Msafara uliokibeba ulikawia kwanza Bagamoyo. Kilipofika Unyanyembe, karibu na mji wa Tabora, vita baina ya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu vikaifunga njia ya Ujiji. Henry Stanley alikikuta huko, akakichukua, na mwenyewe akazipokea barua zake Ujiji mwezi Novemba 1871. Mwaka mzima ulikuwa umepita, ilhali katika daftari la Zanzibar barua zilikwisha tumwa.

Vyuo vya elimu ya juu havina Mirambo, lakini vina masijala. Dokezo la mhadhiri hupitia kwa mkuu wa idara, likaenda kwa mkuu wa kitivo, likafika kwa afisa wa utawala, na kila mmoja hutia saini. Saini huthibitisha kwamba jalada limepita mezani. Haithibitishi kwamba limesomwa. Mwishoni kabisa mwa njia hiyo yuko fundi sanifu wa maabara. Aghalabu yeye ndiye wa mwisho kujua kwamba ratiba imebadilishwa au kwamba idadi ya wanafunzi imeongezeka, ingawa ndiye anayejua kemikali gani imekwisha. Majaribio yakikosekana, mwanafunzi huyaona yakichorwa ubaoni tu. Naye akihitimu hupelekwa kufundisha sekondari, akayachora vilevile. Hivyo dokezo lililolala chuoni huwafikia vijana wa kidato cha tatu, wasiojua kamwe chanzo cha hasara yao.

Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha kwa hesabu jinsi ujumbe unavyoweza kupita salama katika njia yenye makelele, iwapo umepangwa kwa namna inayofaa. Mwaka huohuo Norbert Wiener alieleza umuhimu wa mrejesho: mtambo hujirekebisha kwa kupata habari za matokeo ya kazi yake wenyewe. Yafaa kukumbuka kwamba Shannon aliiweka kando maana ya ujumbe, kwa kuwa haikuwa tatizo la mhandisi. Chuoni maana ndiyo tatizo, na kelele kubwa kuliko zote ni woga wa cheo.

Huko Lusu, wilayani Nzega, kaskazini ya Tabora, mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulianza uzalishaji mwaka 1998. Ulipofungwa, Serikali iliamua eneo lake litumike kwa mafunzo ya madini. Mahali pa namna hiyo, mbali na makao makuu ya chuo, mkufunzi asiyejibiwa huhisi umbali mara mbili. Lakini migodi yenyewe ina desturi ya kuigwa. Msimamizi wa zamu inayotoka humkabidhi mwenziwe anayeingia hali ya kazi na hatari zilizopo, naye anayeingia huuliza kabla hajapokea. Pasipo kuulizana hivyo watu waweza kufa.

Wapo wasemao kwamba mikutano hupoteza wakati. Wana haki kwa kiasi fulani, maana mkutano ambao mwenyekiti husema peke yake ni waraka uliosomwa kwa sauti. Wala makundi ya WhatsApp hayakuiondoa kasoro hiyo. Habari hufika kwa dakika moja, lakini alama ya kusomwa si alama ya kuelewa, na mhadhiri msaidizi hampingi profesa mbele ya watu themanini.

Idara ingeweza kuanza na mambo madogo. Fundi sanifu na karani wakae katika mkutano wa idara, na kumbukumbu zitoke kabla ya wiki kwisha. Kila waraka utaje mtu wa kuulizwa. Na fundi sanifu akiandika kuomba kemikali, ajibiwe kwa maandishi mapema, hata kama jibu ni kwamba fedha hazipo, ili mhadhiri apate wakati wa kubuni jaribio jingine.