UMELAZIMISHWA KUFUTA VIDEO? ZIMA KAMERA, TOA KADI



Hali hii wengi wenu mnaijua. Unarekodi msako mtaani, afisa anakuona, anakushika mkono, anakwambia futa. Usibishane na mwenye bunduki. Futa. Lakini ukishaachiliwa, usirekodi tena hata sekunde moja kwa kamera ile. Zima, toa memori kadi, itie mfukoni, nenda nyumbani.

Kwa nini? Kwa sababu kufuta si kuteketeza. Kadi ya kamera ina kama daftari la mwenye nyumba, linaloonyesha nani yuko chumba gani. Ukifuta, kinachoguswa ni daftari tu: linaandikwa kwamba chumba kile sasa ni kitupu. Video yenyewe bado imekaa ndani mpaka mpangaji mpya aletwe. Hata ule ufomati wa haraka wa kawaida huanzisha daftari jipya na kuviacha vyumba vilivyo. Kwa hivyo mtu aliyelazimishwa kufuta saa nne, kisha akaendelea kurekodi mpaka adhuhuri, huenda huyo ndiye aliyeifuta kikweli.

Na wenye nguvu wanaijua thamani ya picha kutushinda sisi. Juni 2025, Albert Ojwang alipofia mikononi mwa polisi Nairobi, IPOA yenyewe ilisema mfumo wa CCTV wa kituo cha Central ulichezewa. Sasa wewe kadi yako unaitupa kwa droo na kusema "imeenda hiyo"?

Simu ni mambo mengine, tusidanganyane. Simu za sasa hufunga kila faili kwa msimbo, na kikishafutwa kabisa kwenye kumbukumbu ya ndani ni nadra sana kirudi. Wale wanaotangaza ati watakurudishia kila kitu kwa programu ya kupakua wanakula pesa yako bure. Wewe angalia debe la taka kwanza: kwa iPhone video hukaa humo siku 30, kwa Google Photos siku 60 kama ilikuwa imehifadhiwa mtandaoni. Hapo wengi huokoka.

Turudi kwa kadi. Kadi kubwa ya SD ina kiswichi kidogo ubavuni. Kisukume upande wa kufunga, ili kompyuta isiiandikie. Kadi ndogo haina, lakini adapta yake inacho. Kompyuta ikikuuliza kama ifomati, kataa. Ikitaka kurekebisha makosa, kataa pia. Kisha tumia PhotoRec. Ni ya bure, na iko ya Windows, Linux na Mac. Sura yake ni ya kizamani, maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, usiogope. Yenyewe haijali daftari. Inapita kadi nzima ikitafuta alama za mwanzo wa kila faili. Zinazopatikana ziweke kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ileile. Na ukiweza, nakili kadi nzima iwe faili moja kwanza, ufanyie kazi nakala.

Haitarudi nzima kila mara. Video iliyoandikwa vipande vipande inaweza kurudi nusu, na hiyo nusu ikawa ndiyo yenye namba ya gari. Au betri ilichomolewa ukiwa unarekodi: faili ipo lakini haifunguki, kwa maana kamera nyingi huandika faharasa ya MP4 mwishoni kabisa. Hapo kuna programu iitwayo untrunc, inayohitaji video nzima iliyopigwa na kamera hiyohiyo iwe mfano. Hiyo ya mfano ipige kwa kadi tofauti, tafadhali.

Ikirudi, mkono usikuwashe. Usiikate, usiitilie nasheed, usiitume WhatsApp ukadhani umeihifadhi, kwa sababu WhatsApp huibana video na ubora hupotea. Kadi yenyewe itie kwenye bahasha, andika tarehe na nani ameishika tangu siku ile. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inahitaji rekodi ya kielektroniki iende mahakamani na cheti cha mtu anayeeleza ilivyotolewa na kwa kifaa gani. Bila hicho, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo. Ukienda IPOA, peleka nakala, upewe stakabadhi, na kadi ibaki salama na wakili au familia.

Jambo moja linatusumbua. Kijana akipata shida hii hukimbilia saiba, anaacha kadi, anaambiwa arudi kesho. Ndani ya kadi ile mna nyuso za mashahidi, pengine mna harusi ya dada yako upande wa akina mama. Keti hapo hapo mpaka amalize. Na kadi ya zamani usiiuze ukidhani ni tupu. Kilichokurudishia wewe kitamrudishia na mnunuzi.

Maoni yetu ni haya: kila mtaa, kuanzia Majengo hadi Eastleigh hadi Garissa, uwe na kijana mmoja mwaminifu na dada mmoja mwaminifu wanaoijua kazi hii, wenye kompyuta na diski ya akiba. Kujifunza ni jioni moja tu. Chukua kadi ya zamani, rekodi, futa, jaribu kurudisha. Kama kwenu hakuna mtu wa hivyo, tuandikie inbox. Taja mtaa tu, jina lako baki nalo.