Mama Amefika, Lakini Amefikaje?



Mwezi uliopita mama mkwe wangu alitujia Dar es Salaam kwa basi kutoka Mbeya, safari ya zaidi ya kilometa 800. Aliposhuka alikuwa akiyumba, midomo imekauka, na viatu kavishika mkononi kwa kuwa miguu haikuingia tena. Mimi mkwe nisingeweza kumhoji. Mke wangu alimwuliza faraghani, naye akajibu, "Sikunywa maji tangu jana, mwanangu. Niliona haya kumsimamisha dereva."

Basi kumbe! Njiani gari husimama kwa chakula, na pengine porini kwa kile wanachokiita kuchimba dawa. Vijana huruka nje wakicheka. Lakini bibi wa miaka 70 aingie kichaka gani mbele ya watu wote wale? Afadhali kiu. Haya yake ni ya heshima wala siicheki, ila mwili uliokosa maji huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na kutwa nzima moyo hautulii kwa hofu ya kubanwa.

Na miguu je? Damu hushuka miguuni kwa urahisi, lakini katika kupanda husukumwa na vigimbi tunapotembea. Mtu akikaa kutwa bila kujongea, miguu huvimba. Mara chache damu huganda mshipani, na bonge likifika mapafuni laweza kuua. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kukaa safarini saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo mara mbili hivi, iwe ndege, gari moshi au basi. Ni kama mtu 1 katika 6,000, basi msiogope kusafiri. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, hata siku kadhaa baada ya kufika, nendeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mama alipona, miguu yote miwili ilinywea siku ya tatu. Kurudi atasindikizwa na mke wangu, ambaye hamwonei haya kondakta yeyote. Kiti ni cha kando ya njia, apate kuinuka, na wakati wa kukaa azungushe nyayo zake. Nauli ya pili imeniuma, sikatai.