Gari Nalo Hupumua



Swali tunalolijibu wiki hii limetoka Kendu Bay, mji wa ufukweni mwa Ziwa Viktoria ambao Waislamu wake wanajulikana tangu zamani kwa Msikiti wa Tawakal. Mama mmoja anatueleza kwamba nyumba yake ina Toyota Probox ya injini ya lita 1.5. Gari hilo ndilo linalomchukulia bidhaa hadi soko la Oyugis, na ndilo linalowapeleka watoto skuli na madrasa. Kijana wake mkubwa ameona bomba linalouzwa kwa jina la bomba la hewa baridi. Muuzaji ameahidi kwamba gari litapata nguvu na litakula petroli kidogo. Kijana ameomba ruhusa alifunge mwenyewe uani, kwa spana zake. Mama anauliza: nimruhusu au nimkatalie?

Tumeona vyema tulijibu swali hili kwa wote, kwa sababu vijana wa namna hiyo wamo katika nyumba nyingi, na kwa sababu mara nyingi wazazi hukataa bila ya kujua wanachokikataa, au hukubali bila ya kujua wanachokikubali.

Tuanze na pumzi yenyewe. Injini haichomi petroli peke yake. Kila kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Injini ya lita 1.5 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huvuta karibu lita 2,000 za hewa katika dakika hiyo moja, yaani mapipa kumi ya lita 200. Hewa yote hiyo hupita katika mdomo mmoja, ikaingia kisanduku cha plastiki chenye chujio la karatasi, ikapita mbele ya sensa inayoipima, kisha ikafika kooni mwa injini. Aliye na nia ya kugusa njia hiyo na ajue kwamba anagusa pua na mapafu ya gari.

Sasa tuje kwenye hewa baridi. Hewa yenye joto hutanuka na kuwa nyepesi. Hewa ya baridi hushikamana na kuwa nzito. Hewa ya nyuzi 60, kama ile inayozunguka chini ya boneti, ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi 30 iliyoko nje. Kwa hiyo injini inayovuta hewa ya nje hupata hewa zaidi katika kila pumzi, na huweza kutoa nguvu zaidi. Hapa kijana hakudanganywa. Msingi wa jambo ni wa kweli.

Lakini waliotengeneza gari waliyajua hayo kabla ya muuzaji wa bomba. Magari mengi ya siku hizi yametoka kiwandani na mdomo wa hewa uliowekwa mbele au pembeni, mbali na joto la injini. Maana yake ni kwamba gari la mama huyu huenda tayari linavuta hewa ya nje. Bomba jipya huongeza nafasi kidogo ya kupita hewa, na faida yake katika injini ndogo ni ndogo pia. Kinachoongezeka bila shaka ni sauti, kwa kuwa kisanduku cha kiwandani na vyumba vyake vidogo vimeundwa pia kwa ajili ya kunyamazisha mvumo wa hewa. Vikiondolewa, gari hunguruma, na dereva hudhani limepata nguvu. Mngurumo si nguvu, na jirani aliyelala baada ya Isha hatauchukulia kuwa ni mapambo.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zetu wa Mombasa na Lamu hawana haja ya kulifikiri. Ziwa Viktoria liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,134. Katika kimo hicho shinikizo la hewa limepungua kwa takriban thumuni moja, na injini isiyo na taboo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Gari lililokuwa jepesi Mombasa huonekana zito kidogo Kendu Bay, ingawa halina ugonjwa wowote. Hakuna bomba la kufungwa kwa mkono litakaloirudisha thumuni hiyo.

Na ile ahadi ya petroli? Mwaka 2009 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Oak Ridge, nchini Marekani, waliyajaribu magari ya petroli yenye kompyuta kwa kuyawekea machujio yaliyoziba. Waligundua kwamba kubadilisha chujio lililoziba kwa jipya hakukupunguza ulaji wa petroli kwa kiasi cha kutajika, bali kulilirudishia gari wepesi wa kuongeza mwendo. Sababu yake ni kwamba kompyuta hupima hewa iliyoingia, ikatoa petroli inayolingana nayo. Basi ikiwa hata chujio lililoziba halibadilishi sana ulaji wa petroli, mtu asinunue bomba kwa tamaa ya kuokoa pesa za petroli.

Mpaka hapa tumezungumza juu ya faida. Madhara nayo ni mawili, na yote mawili yana uhusiano na mahali gari linapoishi.

La kwanza ni vumbi. Njia nyingi za vijijini kuzunguka Kendu Bay ni za udongo na murami, na jioni usubi wa ziwani huinuka juu ya maji kama moshi. Chujio la karatasi la kiwandani huzuia vumbi jembamba vizuri sana. Machujio mengi ya mabomba haya ni ya kitambaa kilichopakwa mafuta. Hupitisha hewa kwa urahisi, lakini yasipotunzwa hupitisha na vumbi. Mafuta yakizidi, hurukia sensa na kuipaka, nayo ikaanza kuidanganya kompyuta. Vumbi linaloingia ndani husaga silinda na ringi taratibu, kama mchanga katika unga. Halionekani leo, huonekana baada ya miezi, gari linapoanza kula oili na kutoa moshi wa buluu.

La pili ni maji, na hili ndilo linalotutia hofu zaidi. Mabomba ya hewa baridi yaliyo marefu hushushwa hadi nyuma ya bampa, chini kabisa, kwa kutafuta hewa iliyo mbali na injini. Katika nchi kavu si neno. Lakini mwezi Mei mwaka 2020 kina cha Ziwa Viktoria, kikipimwa huko Jinja, kilipita rekodi iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1964, na maji yakaingia katika makazi na njia za ufukweni. Kila masika, nyanda za Kano ambazo msafiri wa Kisumu huzipita huweza kujaa maji. Mdomo wa kiwandani huwa juu. Mdomo wa bomba refu huwa karibu na urefu wa muundi wa mguu. Dimbwi ambalo Probox ya kawaida hulivuka polepole huweza kunywewa na injini yenye bomba la chini. Maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, ule mkono wa chuma unaoishikilia hupinda au kuvunjika, na gharama yake huenda ikawa injini nzima. Gari la kuchukua bidhaa na watoto likafa kwa sababu ya dimbwi.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili: hewa baridi haina maana isipokuwa ni safi na kavu. Kwa gari la pekee la nyumba, linalotembea kandokando ya ziwa, bomba refu la kushuka chini lisifungwe. Chujio la wazi lililoachwa chini ya boneti bila kikinga joto nalo halifai, kwa maana litavuta hewa ya moto kuliko ile ya zamani, na jina la hewa baridi litabaki kwenye pakiti tu.

Ikiwa kijana ana gari lake mwenyewe, au wazazi wameshauriana wakaridhia bomba fupi, lililo juu na lenye kikinga joto, basi kazi ifanywe kwa utaratibu. Injini ipoe saa nzima, gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe. Waya wa upande hasi wa betri ufunguliwe kwanza. Kila kitu kipigwe picha kabla ya kuguswa, na bolti zote ziwekwe katika bakuli moja. Plagi ya sensa ishikwe kichwani, isivutwe kwa waya zake. Kisanduku cha zamani kikishatoka, koo la injini lizibwe kwa kitambaa safi chenye rangi kali, ili kisisahauliwe humo. Nati moja iliyodondokea ndani yatosha kuua injini.

Katika kufunga, mshale ulio juu ya sensa uelekee upande hewa inakokwenda, na bomba liwe la kipenyo kile kile pale sensa inapokaa, kwa sababu kompyuta hupiga hesabu yake kwa kipenyo hicho. Mpira mdogo unaorudisha mvuke wa oili usiachwe wazi. Tundu lolote baada ya chujio ni mlango wa vumbi. Bomba lisiguse mkanda, feni wala chuma chenye moto. Klipu zikazwe mpaka zishike, zisikazwe mpaka zipasue mpira. Kisha betri irudishwe, gari liwashwe na kusikilizwa. Mluzi ni dalili ya hewa inayopenya pembeni. Taa ya injini ikiwaka, sensa ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Vifaa vya zamani vihifadhiwe vyote, na kampuni ya bima iulizwe kabla ya kazi, si baada ya ajali.

Hata hivyo, mama mpendwa, tungependa umpe kijana wako kazi iliyo bora kuliko hiyo, nayo haina gharama kubwa. Afungue kisanduku cha chujio leo. Alitoe chujio, alitazame kwa kulielekeza kwenye jua: lisipopitisha mwangaza, wakati wake umekwisha. Likiwa na vumbi la juujuu, alipulize kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, asilioshe kwa maji wala asiligonge kwa nguvu. Aipanguse sakafu ya kisanduku, akague mpira wa koo kama una nyufa, aone klipu zote zinafunga. Katika njia zetu za vumbi chujio likaguliwe kila kilomita 5,000, na libadilishwe mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Aandike tarehe na kilomita katika daftari la nyumba. Akifanya hivyo kwa mwaka mmoja, atakuwa amejifunza mengi kuliko atakayojifunza kwa kufunga bomba siku moja.

Na amfundishe kila anayeendesha gari hilo jambo hili moja, dada zake wakiwemo: gari likizimika ndani ya maji, lisijaribiwe kuwashwa tena. Lisukumwe hadi pakavu, chujio litolewe na kuguswa. Likiwa limelowa, aitwe fundi azitoe plagi za moto na kuyaondoa maji kabla ya ufunguo kuzungushwa. Injini huenda ikasalimika kwa maji ya kwanza. Jaribio la pili la kuwasha huweza kuiharibu.

Tusimvunje moyo kijana anayetaka kufanya kazi kwa mikono yake. Kijana anayelala na kitabu cha injini mkononi ni neema katika nyumba. Lakini gari la nyumba ni amana ya wote wanaolitegemea, na anayeligusa anatakiwa kwanza aonyeshe kwamba anajua kulitunza lilivyo. Siku atakapomweleza mama yake, bila ya kubabaika, hewa inaingilia wapi, inapimwa wapi, na maji yanaweza kuifikia kwa kimo gani, siku hiyo neno lake kuhusu bomba litastahili kusikilizwa. Na huenda siku hiyo yeye mwenyewe asilitake tena.

Wabillahi tawfiq.