Gari la Parokia Halikufa kwa Uzee



Likizo iliyopita nilifika nyumbani nikakuta tangazo likisomwa katika Misa ya kwanza na ya pili: kila jumuiya ndogo ndogo ichangie ununuzi wa gari jipya la parokia. Bibi yangu hakuwa na fedha mkononi. Alipima debe mbili za mahindi, akaniambia, “Mjukuu wangu, mpelekee katibu wa jumuiya, mwambie hizi ni zangu na za marehemu babu yako.” Nikazifunga kwenye baiskeli nikazipeleka.

Njiani nilipita nyuma ya jiko la nyumba ya mapadre. Pale lipo Land Rover la zamani, lile refu. Matairi yameisha upepo, majani yameota hadi kwenye milango, na kuku wanataga kiti cha nyuma. Gari hilo ndilo lililomfikisha mama yangu Hospitali ya Peramiho usiku wa masika niliozaliwa mimi, miaka 25 iliyopita. Nililiangalia kwa muda, kisha nikaenda kumuuliza fundi mmoja mzee aliyekuwa akilitengeneza zamani: “Shikamoo, babu. Gari lile lilikufa kwa ugonjwa gani?”

“Marahaba, frateri. Gari lile halikufa kwa uzee,” alinijibu. “Bodi lake ni aluminiamu, hata kutu hailiwezi. Rejeta ilikuwa inavuja kidogo. Kila mtu aliyeliendesha alidhani mwenzake ameongeza maji. Siku moja likachemka, gasketi ikaungua, silinda hedi ikapinda. Spea ikasubiriwa. Walipoacha kusubiri, wakalisukuma pale.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyawaza maneno hayo hata darasani. Makala hii ni tunda la mawazo hayo.

Wapo watu duniani ambao gari kama lile kwao ni hazina. Huko Marekani kuna maelfu ya watu ambao burudani yao kubwa ni kutafuta gari la miaka ya 1950 au 1960, kulivua kila nati, kulisafisha, kulipaka rangi yake ya asili na kulirudisha barabarani. Wengine hupenda Cadillac ya mwaka 1959 yenye mapezi marefu nyuma kama samaki, wengine Ford Mustang iliyotoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 1964. Mtu hutumia Jumamosi zake kwa miaka mingi kwa ajili ya gari moja. Kisha hukutana na wenzake, wakasifiana na kufundishana.

Kule Cuba mambo hayo yaliletwa na shida. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1959 na vikwazo vya biashara vya Marekani, magari mapya kutoka huko yalikoma kuingia. Wenye Chevrolet na Buick za miaka ya 1950 walilazimika kuzitunza. Spea isiyopatikana waliichonga wenyewe, injini iliyokufa waliweka nyingine ya dizeli. Magari hayo yamebeba abiria mjini Havana kwa zaidi ya miaka 60.

Na kwetu Afrika Mashariki mapenzi hayo yapo. Nairobi kuna mashindano ya uzuri wa magari na pikipiki yaliyoanza mwaka 1970, yanayoandaliwa na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Waamuzi huangalia rangi, viti, injini, hata chini ya bodi ambako mwenye gari angeweza kuficha uchafu. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover. Mamia ya magari hayo, mengi yakiwa ya zamani, yalikusanyika kwa lengo la kuivunja rekodi ya msafara iliyokuwa inashikiliwa na Ujerumani. Nilipoona picha zake niliona magari ndugu wa lile letu, yameoshwa yanameremeta. Letu lina mayai ya kuku.

Tofauti iko wapi? Mwanzoni nilidhani ni fedha. Ni kweli fedha ina nafasi yake. Lakini hebu tukumbuke historia ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo siku zile yalipita hata katika barabara za Tanganyika. Mwaka 1964 kampuni ya Ford ilileta kutoka Marekani kundi la magari aina ya Mercury Comet, mapya, yenye injini kubwa. Mawili tu yalifika mwisho. Mwaka uliofuata, 1965, Joginder Singh wa Kenya akiwa na ndugu yake Jaswant alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Joginder mwenyewe alikuwa fundi magari, analijua gari lake ndani na nje. Upya na ukubwa peke yake havikuwafikisha wengine.

Jibu nililipata kwa Aristotle, ambaye sisi wa falsafa tunamsoma mpaka tunamwota. Katika kitabu cha pili cha Siasa anaonyesha kwamba kitu cha watu wengi ndicho hupata matunzo madogo kuliko vyote, kwa sababu kila mmoja anamtegemea mwenzake. Aliandika kabla ya gari lolote kuwepo, lakini ameeleza vizuri kabisa jinsi rejeta yetu ilivyokauka. Gari la Mmarekani yule linaishi kwa sababu lina mwenyewe anayelipenda. Gari letu lilikuwa la wote, kwa hiyo halikuwa na mtu.

Hapa ndipo ninapoona aibu, na ninasema kama mtu wa ndani. Mtu anatunza gari miaka 60 kwa ajili ya kujifurahisha tu. Sisi lenye kupeleka Ekaristi kigangoni na mama mjamzito hospitalini tumeshindwa kulitunza. Kama mapenzi ya starehe yanaweza kuweka maji kwenye rejeta, mapenzi ya utume yanashindwaje?

Najua yapo majibu. Wa kwanza atasema: frateri, mambo ya magari ya kale ni fahari ya matajiri. Kuna ukweli. Gari linalooshwa ili lipigwe picha tu limegeuka sanamu. Lakini fahari inaweza kukaa katika gari jipya vilevile, tena kwa urahisi zaidi. Julai 2013 Papa Fransisko aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba humuuma kumwona padre au mtawa na gari la toleo jipya kabisa. Hakukataa gari, alisema linahitajika kwa kazi nyingi, ila tuchague la unyenyekevu. Miezi michache baadaye padre mmoja wa Italia alimzawadia Renault 4 ya mwaka 1984 iliyokwisha kutembea kilomita 300,000, na Papa akaipokea. Nakiri kwamba nilipoingia seminari, nilipofikiria upadre, katika picha ya kichwani mwangu kulikuwa na Land Cruiser nyeupe.

Wa pili atasema: gari chakavu ni hatari. Likikwama usiku wa masika likiwa na mgonjwa, unyenyekevu huo utamsaidia nini? Huyu ana haki zaidi, na mimi siwezi kumjibu kwa methali. Lipo gari ambalo muda wake umekwisha, linakula mafuta na kutoa moshi, na spea zake zinazidi thamani yake. Hilo liuzwe mapema kwa mafundi wanaohitaji vipuri, fedha iingie kwenye hesabu ya parokia, badala ya kuozea chini ya mwembe. Sitetei uzee. Ninachosema ni kwamba tulilonalo lisife kwa uzembe halafu uzembe huo ulipwe na mahindi ya wajane. Tena gari jipya likiingia katika mikono ileile na mazoea yaleyale, baada ya miaka michache kuku watapata nyumba ya pili. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Sisi tulio Peramiho tuna bahati ya kuishi jirani na wana wa Mtakatifu Benedikto, waliofika hapa mwaka 1898. Katika Kanuni yake, sura ya 31, Benedikto anamtaka mtunza mali wa monasteri aviangalie vyombo vyote vya nyumba kana kwamba ni vyombo vitakatifu vya altare. Jembe na kikombe cha Misa vinastahili heshima ya namna moja. Katika sura ya 32 anaagiza abati awe na orodha ya vifaa, ajue alichotoa na alichorudishiwa, na anayevitumia hovyo aonywe. Benedikto aliyajua mapema yale ya Aristotle: mapenzi peke yake hayatoshi, lazima pawe na daftari.

Basi napendekeza mambo matatu. Mosi, kila gari la parokia liwe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina, pamoja na daftari la maji, oili, matairi na safari, nalo lisomwe mbele ya halmashauri ya walei kila baada ya miezi mitatu. Pili, kabla ya mchango wa gari jipya, waamini waelezwe lile la zamani lilikufaje. Wanaochanga wana haki ya kujua. Tatu, sisi mafrateri tufundishwe ufundi mdogo wakati wa malezi: kubadilisha oili, kusafisha plagi, kusikia sauti ya injini inayolalamika. Tunajifunza kutofautisha umbo na mata. Tujifunze pia kutofautisha bomba linalovuja na lisilovuja.

Bibi hakuniuliza gari litakuwa la aina gani. Alitoa mbegu za mwaka ujao kwa sababu aliamini zitatunzwa na watu wa Kanisa, na mmoja wao, Mungu akinijalia, nitakuwa mimi. Nilipomrudishia debe tupu alisema tu, “Sasa mlitunze.” Hajui kwamba hilo ndilo gumu kuliko kulinunua.

Wewe mwenye ufunguo wa gari la parokia yako, ukimaliza kusoma hapa, nenda ukafungue boneti. Angalia maji.