Kianjai, Tupande na Mvua Tuache Kungoja Mwezi

Siku hizi mitandaoni zimejaa kalenda za kulima kwa mwezi. Mwezi ukikua, panda vinavyozaa juu ya ardhi. Ukipungua, panda viazi na karoti. Ukiwa giza, pumzika. Inasomeka poa. Lakini kama umekodi robo ekari pale Kianjai na mbegu umenunua kwa chapaa ya bodaboda, jiulize: mvua yetu inaijua hiyo kalenda?

Haijui. Upande huu wa Meru, mvua za vuli huja Oktoba na ikifika Desemba zinaaga. Maharagwe yanataka kama miezi miwili na nusu hadi mitatu. Mwezi nao huzunguka kwa siku 29 na nusu, kwa hivyo ukikosa mwezi unaokua, unakaa wiki mbili ukingoja. Wiki hizo hakuna atakayekurudishia. Maharagwe yatatoa maua mvua ikiwa imeshaenda.

Na msiseme nadharau wazee. Tazameni Waswahili wa pwani. Mfungo, Idi, bamvua na maji mafu, yote wanayasoma kwa mwezi. Lakini msimu wa kulima wazee wao waliuhesabu kwa mwaka wa jua, kumi kumi za siku kuanzia Nairuzi, Siku ya Mwaka. Kwa nini? Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hivyo miezi yake huhama misimu. Watu wanaoujua mwezi hivyo hawakuukabidhi shamba.

Hatari kubwa zaidi iko kwa mavuno. Utasikia ati mahindi yaliyovunwa mwezi ukipungua hayaharibiki. Wasee, mwaka 2004 mahindi yenye aflatoksini yaliua watu 125 hapa nchini, wengi wao Makueni na Kitui. Sumu hiyo huletwa na kuvu, na kuvu hupenda nafaka yenye unyevu. Dawa ni kuanika juu ya turubai, si chini kwa mchanga, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia chumvi kavu na mahindi kwenye chupa kavu, tikisa, ngoja kidogo. Chumvi ikishika kwa chupa, rudisha mahindi juani.

Sasa serikali ya kaunti nayo isijifiche nyuma ya mwezi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Ufike soko la Kianjai kwa Kimeru, kabla watu hawajanunua mbegu. Kijana akikosa habari ya mvua, atashika kalenda yoyote atakayopewa.

Ukitaka, hesabu siku za palizi kwa mwezi, hiyo haina hasara. Lakini udongo ukishaloa vizuri, shika jembe, hata kama huko juu ni giza tupu.