Nani Ameshika Ufunguo wa Nyumba ya Rumanyika?

Wapo wanaoshangilia kwamba makumbusho ya Ulaya sasa yanajenga kumbi ndani ya dunia za mtandaoni, ambamo mtu huingia kwa umbo la kubuni, akatembea na kuzungumza na wenzake. Mwaka 2023 British Museum ilitangaza kuingia katika dunia iitwayo The Sandbox. Hoja yao ni nyepesi: kijana wa Omurushaka ataiona hazina ya ulimwengu bila nauli wala viza.

Ataiona, ndiyo, akinunua bando kwa fedha ya kahawa. Lakini atakuwa mgeni nyumbani kwa nani?

Mwaka 2016 jumba la Berlin, likishirikiana na Google, lilimpa uhai wa kompyuta mjusi mkubwa wa Tendaguru, ambaye mifupa yake ilichimbwa mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na wapagazi hadi bandarini. Mjusi akageuza shingo, walimwengu wakapiga makofi. Mifupa haikusogea hata inchi moja kuelekea Lindi.

Karagwe nayo ina la kujifunza hapo. Mwaka 1876 Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina ya Mukama Rumanyika, akaorodhesha bata wa shaba na ng'ombe wasio na vichwa. Kwa mgeni yalikuwa maajabu ya kuandikia kitabu. Kwa Wanyambo yalikuwa dola yenyewe. Siku vitu vya namna hiyo vitakapowekwa katika ukumbi wa mtandaoni, yupo atakayeandika maelezo, na yupo msimamizi atakayeamua maneno ya nani yabaki na ya nani yafutwe. Mzee wa Bweranyange akisema kwa Kinyambo kwamba chombo fulani hakitazamwi na kila mtu, msimamizi asiyejua hata salamu ya lugha hiyo atamsikiaje? Na kijana akiuliza chombo kilitokaje Karagwe, ataambiwa anavuruga amani ya ukumbi?

Hakuna anayekataa teknolojia. Kinachokataliwa ni ubeberu uliobadili kanzu. Makumbusho yoyote yatakayotaka kujenga ukumbi kwa vitu vya Tanzania hayana budi kukubali wasimamizi Watanzania wenye mamlaka kamili, maelezo ya Kiswahili na Kinyambo, na nakala zote za kompyuta kuhifadhiwa pia Dar es Salaam chini ya Makumbusho ya Taifa. Tena mazungumzo hayo yasichukuliwe kuwa malipo ya deni jingine. Mwaka 1978, Amadou-Mahtar M'Bow, Mkurugenzi Mkuu wa UNESCO, alipoyataka mataifa tajiri yarudishe urithi wa wenyewe, hakuomba picha.