Nyumba Ikifungwa, Msituletee Maua Tu

Wasee, leo naongea na kila mtu anayeshikilia akaunti ya makumbusho, na pia na sisi wenyewe tunaoishi kwa kuposti. Nyumba ya kihistoria ikifungwa, iwe ni ukarabati ama ugonjwa kama ule wa 2020, kuna kontenti moja huletwa mbio sana. Waridi. Nyasi zimekatwa fiti. Ndege analia kwa mti. Halafu maneno mawili matatu, "tumewamisi sana", na nyinyi mnapiga laiki. Mimi nasema hiyo haitoshi, na si ati nachukia maua.

Chukua nyumba ya Karen Blixen, pale Karen, Nairobi. Ilijengwa 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren. Karen na mumewe Bror wakaichukua 1917. Karen akarudi kwao Denmark 1931, shamba likiwa limemshinda. Baada ya uhuru serikali ya Denmark ikaipa Kenya nyumba hiyo kama zawadi, na 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Filamu ya Out of Africa ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, ikabeba Oscar 7. Hiyo sehemu kila mtu anaijua.

Sasa angalia vile mambo huenda. Nyumba ikiwa wazi, vitu vya ndani ndivyo vinavyoongea. Kitanda, meza, vitabu. Unaingia, unapiga picha, unatoka. Ikifungwa unabaki na vitu viwili pekee: bustani na stori. Na bustani ni nini? Bustani ni ardhi. Ukiposti zile nyasi na milima ya Ngong kwa nyuma, umeposti ardhi, na ardhi Kenya haijawahi kuwa mapambo.

Tupige hesabu kidogo. Shamba la Karen lilikuwa kama ekari 6,000. Kahawa ilichukua kama ekari 600. Kama ekari 1,000 zilikuwa mashamba ya maskwota, familia za Wakikuyu walioishi hapo. Sheria ya 1918 ilisema skwota lazima amfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Siku 180! Nusu mwaka, ndio uruhusiwe kujenga, kulima na kuchunga. Sheria nyingine, ya 1915, iliwaruhusu masetla kupewa ardhi kwa miaka 999. Na yule Mwafrika aliyechuma kahawa hakuruhusiwa kupanda kahawa yake mwenyewe.

Niambie, hizo ni siasa ama ni maelezo ya bustani?

Najua mtakuja hapo chini kuniambia, "Buda, watu wako na presha, wape maua wapumue." Hata Uingereza walisema hivyo. National Trust, shirika linalotunza nyumba nyingi za mabwanyenye wa kule, lilifunga nyumba zake Machi 2020, likawa linashea maua ya msimu mtandaoni. Hakuna aliyekasirika. Septemba mwaka huohuo likatoa ripoti inayotaja maeneo 93 yenye uhusiano na ukoloni ama utumwa. Kelele ikaanza. Mpaka wabunge wakalalamika. Nyumba ni zile zile, bustani ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliuliza pesa ya kupanda hayo maua ilitoka wapi.

Wengine mtasema Karen alikuwa mtu poa. Enyewe, alitibu wagonjwa na akafungua shule shambani. Na kabla ya kuondoka aliwaomba wakubwa wa serikali wasiwatawanye maskwota wake, wapewe mahali wakae pamoja. Hiyo ni kweli na isemwe bila kupunguzwa. Lakini iseme mpaka mwisho. Kama familia zilizoishi mahali zinahitaji mzungu anayepanda meli ndiye aziombee zisitawanywe, basi stori kubwa ya hilo shamba ni hiyo. Roho safi ya mtu mmoja haikuwapa cheti cha ardhi.

Halafu kuna watu ambao ukiwataja, mbogi inauliza, "Huyo nani?" Kamante Gatura alikuwa kijana mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa hospitali ya misheni, akawa mpishi aliyewapikia wageni wakubwa chakula cha Kizungu. Miaka mingi baadaye akasimulia mambo alivyoyaona yeye, na Peter Beard akayatoa kwa kitabu 1975. Farah Aden, Msomali, ndiye aliyeendesha nyumba nzima. Hizi stori hazihitaji funguo. Hazihitaji taa za ndani wala tiketi. Simu moja na dakika mbili zinatosha.

Ndio maana nasema wakati wa kufungwa ni wakati mzuri kuliko yote. Hakuna foleni, hakuna mgeni anayeuliza Robert Redford alisimama wapi. Simamisha mtunza bustani wa leo, kama amekubali, atuambie kila mti ni nini na kwa Kikuyu unaitwaje. Onyesha mashine za zamani za kahawa, utueleze kwa nini kahawa ilikataa: shamba lilikuwa juu sana, baridi ikaiumiza. Tupe siku 180 kwa vidio moja. Tupe jikoni kabla ya sebule. Na fanya kwa Kiswahili, juu mtoto wa Kawangware hajaomba ruhusa ya mtalii ndio asikie stori ya mahali alipozaliwa.

Na wewe unayesoma, usingoje akaunti yoyote. Kama cucu ama guka wako alikulia Dagoretti, Ngong ama Kikuyu, mpigie wikendi hii. Muulize wazazi wake walilima wapi, nani aliwahamisha, walilipwa nini. Rekodi, kwa ruhusa yake. Makumbusho yatafunguliwa tu siku moja, na kitanda cha Karen kitakuwa palepale. Cucu hatangoja.